Kipande cha Chuma Begani

Siku ya tatu, Adija alikuwa amechoka kuwa mtu wa adabu. Mumewe Tajudini, fundi wa magari wa mtaa wa Nyakabiga, alikuwa amejikunja kwenye kitanda cha hospitali, mkono umeshika tumbo upande wa kushoto, jasho likimtiririka. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya minyoo. Ya pili ikasema ni kufunga choo tu, ikampa dawa ya kuharisha. Sasa hapa.

"Mama, apendisiti, ile ya kidole tumbo, inauma kuume," alisema Maxime, daktari kijana, kwa mara ya nne. "Bwana yako anaumwa kushoto. Hatupasui mutu bure."

"Basi ni nini?"

"Tunaangalia."

Tunaangalia! Neno hilo lilimkera kupita kiasi. Homa ilikuwa inapanda, nao wanabonyeza kulia pasipouma, kisha wanatikisa kichwa.

Mwishowe wakampiga picha ya eksirei ya kifua na tumbo. Gélase, mpiga picha, akaipachika kwenye taa, akafyonya. "Nimeiweka vibaya. Moyo iko kuume." Akaigeuza. Moyo ukahamia kushoto, wote wakaridhika.

Adija, aliyesimama mlangoni, akaona kwenye picha, begani, kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Sasa kilikuwa upande wa kulia, mbali na moyo. Akakitambua mara moja. Kipande hicho cha chuma kilimrukia Tajudini gerejini miaka sita iliyopita, kikaingia bega la kushoto na hakikutoka. Kidonda alikiosha yeye mwenyewe.

"We bwana, geuza tena!"

"Mama, toka. Iyi si kazi yako."

"Ile chuma iko kushoto! Mi ndiye bibi yake. Mukuje mupapase!"

Maxime akaenda kitandani, akapapasa bega la kushoto, akakikuta chini ya ngozi. Kisha akasikiliza kifua upande wa kulia, na uso ukamshuka. Moyo ulikuwa huko. Viungo vya mtu huyu vilikaa kinyume vyote, na kidole tumbo chake kilikuwa palepale alipopashika siku tatu.

Hakuna aliyemwomba Adija radhi. Walikimbia tu na kitanda.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Walimsafisha tumbo kwa saa tatu, wakamwachia mpira wa kutolea usaha. Kesho yake alipofumbua macho, Maxime alikuwa amemwinamia, akimwuliza kwa upole anaumwa wapi.

Tajudini akamgeukia.

"Dogiteri, nikikuambia, utaniamini?"