Upande Gani wa Ziwa

Marsela alijifungulia kwenye vumbi, mbele ya mlango wa zahanati, wakati watoto wa shule wanapita na mifagio yao. Mlango ulikuwa na kufuli. Muuguzi pekee wa kijiji alikuwa ameitwa semina Mpanda mjini, na ufunguo ameondoka nao.

Edina ndiye aliyepiga magoti. Hakuwa mkunga. Alikuwa jirani tu, mhamiaji, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akilia. Alivua kitenge chake cha juu akakitandika chini, akakipokea kichwa cha mtoto kwa mikono inayonuka moshi. Mtoto alitoka kimya. Akampangusa pua, akampuliza usoni, akampiga nyayo. Mtoto alipolia, Edina aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuhema.

Kisha akachukua simu.

Alirekodi kufuli. Akarekodi kitenge chenye damu, na Marsela ameegemea ukuta, macho amefumba, mapaja yamefunikwa nusu. Sauti yake mwenyewe ilisikika ikisema: "Jamani, huku tunazalia chini. Tazameni. Chini kabisa."

Aliituma kwenye kundi la kwaya ya Kapalamsenga. Huko ndiko alikotoka yeye na mumewe Obadia na mtoto wao Gabrieli, baada ya ziwa kujaa na kumeza nyumba zilizokuwa karibu na maji. Huku, upande wa Litapunga, kijiji kiliwagawia kipande cha pori, wakakifyeka. Kila jioni Edina alipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, kusikiliza wanakwaya wakitaniana. Mwili ulikuwa umehama, masikio bado. Aliwatumia picha ya mahindi yake ya kwanza. Nao wakamtumia ya dagaa walioanikwa mchangani. Kutuma video ile kulikuwa kama kusimulia jambo kwa dada zake.

Pelagia, rafiki yake wa sauti ya pili, alimtumia kaka yake aliyeko Kigoma. Kaka akamtumia mtu mwenye ukurasa unaofuatwa na maelfu. Jumapili, Edina alipopanda kichuguu, simu ilikwama kwa wingi wa ujumbe.

"Dada, umekuwa maarufu!" Pelagia alisema kwenye sauti aliyotuma, akicheka. "Nchi nzima inawalilia."

Edina akafungua maoni. Wapo waliolia. Wapo waliotukana. Mmoja aliandika kwamba huyo mzazi ana mguu wa bia hasa. Mwingine alitangaza mafuta ya kukuza nywele, na namba ya simu akaweka.

Kesho yake alimpelekea Marsela uji. Marsela alikuwa amekaa mlangoni, mtoto kifuani. Hakupokea kikombe.

"Makarius kaonyeshwa kijiweni," alisema. "Mume wangu. Wanaume wenzake walikuwa wanapokezana simu."

"Nilitaka waone shida yetu, mama."

"Wameona mapaja yangu. Shida hawajaiona." Akamfunika mtoto uso, kana kwamba Edina angempiga picha tena. "Mama Gabrieli, ulinishika kama ndugu. Kumbe mkono wa pili ulikuwa na simu."

Wiki hiyo hiyo mgambo akaja kumwita ofisini kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji aliitwa Nestori. Hakuwa mtu wa kupayuka. "Karibu, mama, ukae," alisema. Kiti kilikuwa kimoja na alikuwa amekikalia yeye.

"Wakubwa wamenipigia," akaendelea. "Wameniuliza, huyo mpiga picha wako ni mwenyeji wa wapi? Nikakosa jibu. Nisaidie."

"Natoka Kapalamsenga, mheshimiwa."

"Kapalamsenga iko ziwani. Ziwa lina pande mbili, na ng'ambo ni nchi nyingine. Babu yako alizaliwa upande gani?"

Edina alitazama vidole vyake vya miguu. "Babu sikumkuta. Mimi nimezaliwa hapo. Baba yangu kazikwa hapo."

"Kaburi si kitambulisho, mama."

Na kaburi lenyewe lilishakwenda na maji. Hilo hakulisema.

Nestori akasogeza kiti mbele. "Mimi sipendi kuvuruga familia ya mtu. Hili tunaweza kulimaliza hapa hapa. Uliwaambia watu jambo, sasa waambie lililo sahihi. Zahanati ilikuwa wazi. Mzazi alichelewa kwa uzembe wake, alikuwa nyumbani anakunywa dawa za kienyeji."

"Lakini Marsela hakuchelewa."

"Nani kasema alichelewa? Wewe ndiye utakayesema."

Mgambo mlangoni alikohoa. Edina alifikiria shamba, jinsi Obadia alivyong'oa visiki kwa mikono mpaka viganja vikachanika, na mawingu yaliyoanza kujikusanya upande wa Ugalla. Akauliza: "Nikisema, jina langu haliendi uhamiaji?"

"Litaendaje? Tutakuwa tumeshaelewana."

Walimsimamisha mbele ya zahanati. Mlango ulikuwa wazi, ukuta umepakwa chokaa ambayo bado inang'ang'ania nguo, na muuguzi amesimama pembeni ndani ya sare iliyopigwa pasi, anatazama chini. Nestori alirekodi mwenyewe. Mara ya kwanza hakuridhika.

"Rudia. Tabasamu kidogo. Usionekane kama tumekulazimisha."

Edina akarudia. Alipofika kwenye jina la Marsela alilitamka lote.

Video hiyo nayo ikasambaa. Waliomlilia Marsela sasa wakamtukana: mchawi, mzembe, anataka kuua mtoto. Edina wakamwita aliyenunuliwa. Halafu mtu mmoja, kutoka mji ambao Edina hajawahi kuuona, akaandika: *Lafudhi ya huyu mama siyo ya kwetu. Mrudisheni kwao.* Chini yake wakapanga foleni waliokubali.

Kwenye pampu, wanawake walipomwona walivuta ndoo zao kando, wakampisha achote peke yake. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsalimia.

Ndipo Nestori alipokuja nyumbani. Alizungumza na Obadia, uani, kana kwamba Edina hayupo.

"Ahadi yangu niliishika. Sikupeleka jina. Ila video imefika yenyewe, na watu wa uhamiaji watakuja kumhoji mkeo. Mpaka hapo msipande. Ardhi ya kijiji haikai kwa mtu asiyejulikana."

"Na mimi je?" Obadia aliuliza. "Mimi Mbende, kabila la mkoa huu. Hakuna asiyeujua ukoo wangu."

"Wewe umeoa."

"Watakuja lini hao?"

"Watakuja," Nestori alisema, akawasha pikipiki.

Hawakuja. Mvua ndiyo iliyokuja, kubwa, ya kulowesha ardhi mpaka chini. Kijiji kizima kikatoka na majembe. Obadia alikaa mlangoni, debe la mbegu katikati ya miguu, akatazama migongo ya wenzake ikiinama.

Asubuhi moja wakasikia mluzi wa kuswaga ng'ombe, karibu mno. Wakatoka mbio.

Makarius alikuwa ameshafikia katikati ya shamba lao na plau. Udongo waliousafisha ulikuwa umepinduliwa, mweusi. Obadia akashika panga. Edina akamshika mkono. Makarius akasimamisha ng'ombe, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, jirani. Mimi nimeagizwa tu."

"Nani kakuagiza?"

Makarius akanyoosha fimbo upande wa ofisi. "Kasema ardhi isilale."

Nyuma yake alikuja Marsela, mtoto mgongoni, bakuli la mbegu kiunoni. Alidondosha punje, akafukia kwa unyayo, akapiga hatua. Alidondosha, akafukia. Hakuharakisha. Alifika mpaka pale Edina na Obadia waliposimama kwenye mfereji wa plau, akanyanyua uso.

"Sogeeni," alisema.

Wakasogea.