Kenchi Ina Uso na Mgongo

Jumanne, saa sita na dakika kumi mchana, Hester Catchpole alikuwa darini kwa Bwana Prewett, amelala kifudifudi juu ya boriti, tochi mdomoni, akihesabu mistari iliyochanjwa kwenye mbao za mwaloni. Moshi ulipanda kutoka sebuleni kama kawaida yake saa hiyo, ukapenya dari, zulia na kitanda cha wageni, ukamfikia puani. Aliupunga kwa kofia, akaendelea kuhesabu. Ulikuwa moshi wa jiko lililozimwa miaka mia nne na hamsini iliyopita, na Hester hakuwa na ugomvi nao. Kilichomkera ni mavi ya popo.

Alikuwa seremala wa nyumba za kale, mtoto wa seremala na mjukuu wa seremala, umri wa miaka hamsini na minane, na katika mkoa mzima wa Suffolk, Uingereza, hapakuwa na ubao uliowahi kumdanganya. Alijua kwamba anajua, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Chini, sebuleni, wafu wanane walikuwa wakila uji mzito wa njegere. Waliketi kwenye mabenchi kando ya jiko la katikati, mahali ambapo Bwana Prewett alikuwa ameweka makochi, kwa hiyo wawili kati yao walikaa ndani ya kochi, wakionekana kuanzia kifuani tu. Walianza kuja Januari, bwana huyo alipong'oa zulia na kukuta duara la udongo ulioungua. Au pengine walikuwa wakija siku zote, ila hakuna aliyewahi kuchungulia chini ya zulia.

"Wananipa mgongo," Bwana Prewett alilalamika, akipaza sauti ili fundi asikie huko juu. "Nyumba yangu, halafu wananipa mgongo! Wote wanakodolea ule ukuta wa bibi."

"Labda hawapendi televisheni yako," Hester akajibu.

Nyuma ya ukuta huo, katika vyumba viwili vya mwisho upande wa mashariki, aliishi Bi Edna Sillett. Mumewe, Walter, alikuwa mkamuaji ng'ombe wa shamba la jirani, na vyumba vilikuja pamoja na kazi. Ng'ombe waliuzwa, mume akafa, Edna akabaki. Alikuwa amekaa humo miaka hamsini na mmoja. Bwana Prewett aliponunua nyumba alimkuta, kama alivyoyakuta mabomba na panya, na sasa alivitaka vyumba vyake. Mwanasheria alikwisha kuandika barua: Edna awe ametoka ifikapo Sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Halmashauri haikuruhusu ukuta utobolewe kabla seremala anayeijua kazi hajaandika historia ya nyumba. Bwana Prewett, ambaye hakupenda kusumbua watu, alikuwa ameshaiandika mwenyewe. Upande wake wa magharibi ndio ulikuwa wa mwenye nyumba. Upande wa Edna ulikuwa stoo ya mikate na mapipa ya pombe, kitu cha kubomolewa bila majonzi.

"Wewe tia sahihi tu, Hester."

"Sahihi yangu haitembei bila miguu yangu," Hester alimwambia, akapanda ngazi.

Kijiji kizima nacho kiliamini kwamba magharibi ndiko kwa mwenye nyumba, na kosa lilikuwa la matofali. Nyumba ilijengwa kwa mwaloni, fito na udongo, ukumbi mmoja wazi mpaka paani, watu wote wakila kuzunguka moto mmoja. Baadaye mtu akaingiza sakafu ya ghorofa katikati, akajenga bomba la moshi. Kisha akaja mfanyabiashara wa nafaka aliyeonea haya fito na udongo, akaufunika upande wa magharibi kwa matofali mekundu na madirisha makubwa, ili wapita njia wamdhanie mtu wa mjini. Wakamdhania, na hata alipokufa wakaendelea kuudhania upande wake. Wa mwisho akaikata nyumba kwa kuta nyembamba apangishe vibarua. Kila mmoja alibomoa na kubandika apendavyo, na hakuna hata mmoja aliyepanda juu kuziuliza kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa.

Hester aliposhuka, uso mweusi kwa masizi, hakwenda kwa aliyemwajiri. Alizunguka nje, akaingia kwa Edna, akapewa chai.

"Kenchi ina uso na mgongo, Bi Sillett," alisema. "Fundi akiilaza chini kuiunga, upande unaotazama juu ndio uso. Hapo ndipo anapochanja namba zake, hapo ndipo anapopigilia vigingi. Akija kuisimamisha, uso anauelekeza kwa mwenye nyumba. Mgongo wanaachiwa wapika pombe."

"Na hizi zinatazama wapi?"

"Hapa. Kwenye kikombe chako. Kenchi namba moja iko juu ya kitanda chako. Prewett ndiye analala stoo."

Edna alicheka hadi akashika meza. "Jamani, Walter wangu! Anarudi ananuka mavi ya ng'ombe, kumbe analala kwa bwana mkubwa! Ningejua ningekuwa napiga pasi mashuka."

Kisha akaacha kucheka. "Mimi nataka kufia hapa, mwanangu. Sina haja ya kingine."

"Hutoki," Hester alisema. "Nyumba imeshasema. Kazi yangu ni kuandika tu."

Ushahidi mwingine alikuwa nao, ingawa huo hakuuandika. Kesho yake, saa ya chakula, alisimama kwenye mlango wa sebule akatega sikio ukutani. Kijiko cha Edna kikigonga sahani upande ule, vijiko vinane vilinyanyuka upande huu. Akitua, wanatua. Alimuuliza Bwana Prewett walifanyaje mwezi wa Machi, Edna alipolazwa kwa ajili ya nyonga.

"Walisimama siku tisa," alisema. "Kama watu wanaosubiri basi. Nilikuwa siwezi kuona mpira."

Hester aliandika kurasa nne. Alichora kila alama na kila kigingi, na hakuna neno alilolilainisha. Afisa wa halmashauri alikuja na mabuti ya mvua, akapanda darini, akashuka macho yanameta. Alipita katikati ya wafu akisema samahani, samahani. Alikaribia kulia mbele ya kenchi namba moja. Hester alimsindikiza hadi kwenye gari akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Halmashauri ilimshukuru fundi kwa kuthibitisha kwamba upande wa mashariki ndio ulio bora kuliko sehemu zote za nyumba. Kwa kuwa ni bora, haifai uendelee kutengwa. Uunganishwe na nyumba kubwa, upate heshima yake. Ukuta uliokuwepo ulikuwa wa juzi tu, wa miaka mia na themanini, na unaweza kutobolewa mlango. Habari za mpangaji hazikuwa kazi ya idara hiyo.

Bwana Prewett alimletea chupa ya mvinyo. "Mimi niliomba stoo," alisema, "wewe umenipa ukumbi wa bwana!"

Hester aliisoma barua mara tatu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu hiki alikinoa yeye mwenyewe, kwa ufundi wake wote. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu alipomzika baba yake.

Siku ya Mikaeli Edna alihamia mjini, kwenye nyumba za wazee, ghorofa ya pili, kuta za gipsamu. Alichukua birika, picha ya Walter na kiti chake. Alhamisi mlango ukatobolewa. Ijumaa saa sita Bwana Prewett aliweka meza mahali pa Edna, akavaa koti, akaketi na kuinua kijiko. Wafu walikuwa wamesimama. Aliinua mara tatu. Akaona supu yake inapoa, akala. Kufikia Krismasi alikuwa ameizoea hali hiyo, akaitundika televisheni juu zaidi.

Hester alimtembelea Edna kila Jumapili.

"Wamekaa?" Edna aliuliza kabla hata ya salamu.

"Bado wamesimama."

"Tangu Septemba? Miguu yao jamani! Na kile chakula je?" Aliutazama ukuta wa gipsamu, ambao haukuwa na uso wala mgongo. "Waambie wakae, mwanangu. Waambie Edna amesema sawa."

Februari Bwana Prewett alimwita, mbao za mlango mpya zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Hester alifika saa sita kasoro dakika chache. Alingoja moshi upande, akavua kofia, akasimama mbele ya wale wanane.

"Bi Sillett anasema mkae," alisema. "Anasema sawa."

Walimsikia. Mzee wao alimtazama kwa adabu, akatikisa kichwa polepole, akaugeuza tena uso upande wa mashariki. Hakuna aliyeketi. Uji wa njegere ulikuwa umeganda kwenye bakuli.

"Umeona ulivyo?" Bwana Prewett aliita kutoka vyumba vya Edna. "Nikifungua unakwaruza sakafu."

Hester alivaa kofia. Alipita katikati yao akisema samahani, akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya meza. Akatoa randa. Aliuranda vizuri, maana hakujua kuranda vibaya, akaurudisha mahali pake, akaufungua na kuufunga mara mbili. Haukukwaruza tena.