Kijiko cha Ingvald

Huko Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, jua likishazama Novemba, ndiyo basi tena mpaka Januari, na kila nyumba yenye akili zake hunywa mafuta ya maini ya samaki asubuhi, kijiko kimoja, kwa ajili ya mifupa. Kwa Borghild watu walikuwa wawili na kijiko kimoja. Mumewe, Ingvald, ndiye aliyemimina. Alimnywesha mkewe, kisha akanywa yeye na kukunja uso kama mtoto aliyelambishwa shubiri. Kichekesho kilekile miaka nenda miaka rudi, na Borghild alicheka kila siku.

Ingvald alifariki kiangazi. Giza liliporudi, Borghild alijimiminia mwenyewe, koo likagoma. Akajaribu tena, likagoma. Jamani, mtu huzoea hata shubiri akiwa na mwenzake. Akayamwaga kwenye kisahani, paka wa jirani akaja akayalamba. Kesho yake paka alirudi kabla ya kuitwa. Sasa wewe usiyebishiwa hodi na mtu, utapata wapi moyo wa kumfukuza paka?

Desemba Borghild aliteleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika mkono. Daktari akasema mifupa yake imekwisha nguvu, anywe mafuta yake bila kukosa, maana vitamini D ya jua huku haipo. Binti yake naye akapiga simu kutoka Oslo: akianguka tena, anahamia nyumba ya wazee mjini. Borghild hakutaka hata kusikia. Kaburi la Ingvald lilionekana kutoka dirisha la jikoni, na yeye akiwa mjini, nani angelitazama?

Anniken, muuguzi wa kuzungukia majumbani, alikuwa akiikagua chupa kila alipokuja. Chupa ilipungua vizuri, na Borghild aliapa kwamba anakunywa. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Damu ilipopimwa, majibu yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Anniken alisimama jikoni na koti lake mwilini, akaitazama chupa, kisha akamtazama paka aliyejinyoosha karibu na jiko, manyoya yanameremeta.

"Bibi," alisema, "huyu hatavunjika nyonga maisha yake yote."

Borghild alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Nikimnyima hatakuja, mwanangu."

"Mimi si nakuja?"

"Wewe unatumwa."

Anniken alimweleza kwa upole kwamba mafuta yakizidi humdhuru paka, mwili wake mdogo. Kisha akavua koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamimina kijiko na kumnywesha bibi. Akamimina kingine, akanywa yeye, na uso ukamkunjamana wenyewe. Ya Borghild yakashuka bila shida. Anniken akavaa koti, akaenda, kwa kuwa wazee wengine walikuwa wanamngoja.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na zamu ya muuguzi. Borghild alimimina, akakiinua kijiko mbele ya kioo cha dirisha kilichojaa giza, akakunja uso vilevile alivyokuwa akifanya marehemu. Hakuna aliyecheka. Akameza.

Paka alipofika alikuta maziwa kwenye kisahani. Aliyanusa, akazunguka meza, akanusa tena, kisha akaenda zake. Borghild aliuacha mlango wazi, baridi ikaingia, mpaka alipoona paka harudi. Akimeza hivyo kila siku, nyumba ingebaki yake, hakuna wa kumtoa, wala wa kuingia bila kutumwa.