Marahaba, Umekula?

Binti wa kaka yangu ana miaka kumi na tano, na mpaka juzijuzi wanaume kumi na mmoja wenye ndevu zao walikuwa wakimwamkia shikamoo kila siku ya Mungu. Naye alikuwa akiwaitikia bila haya.

Kwenye gemu la vita alilokuwa akicheza mtandaoni alijiita Babu. Alikuwa haongei, anaandika tu. Aliniambia kwamba wakisikia sauti ya kike unageuka mrembo, na mrembo hapewi kikosi. Babu alipewa. Alikuwa nahodha wa dereva wa lori, mlinzi wa benki, mwalimu wa kemia na watu wazima wengine wanane. Kila aliyeingia aliandika, "Shikamoo Babu." Jibu lilikuwa lilelile: "Marahaba, umekula?"

Jibu hilo lilikuwa la marehemu baba yangu, babu yake wa kweli. Alimwitikia hivyo kila mtu, hata fundi bomba aliyetudanganya wiki nzima. Alipofariki, sisi wa nyumbani tukalirithi.

Binti alichezea kwangu akitoka shule, kwa sababu kwangu ndiko kwenye intaneti. Mimi huchora katuni. Miaka ishirini nimechora sungura wanaopiga mswaki kwenye vipeperushi vya meno, na sasa kitabu kizima kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu, miguu juu, kikila karanga. Nikamwomba nimchore.

Alisogeza hedifoni sikio moja, akafikiri.

"Chora kila kitu, shangazi. Ila wasinijue."

"Jina sitaliweka."

"Apa."

Nikaapa, tena kwa kaburi la baba.

Kiapo nilikitimiza kama wakili. Babu nikamwita Mjomba. Gemu nikabuni jingine, na msichana nikamnyoa nywele. Likabaki lile jibu. Nilijaribu "Marahaba, hujambo?" Mhariri akarudisha ukurasa ameandika kwa penseli: Hapa pamelala. Nikajaribu "Marahaba, karibu." Pamelala. Basi nikaweka maneno ya baba, na ukurasa ukaamka. Nikajiambia ni maneno ya baba yangu mimi, na urithi hauombewi ruhusa. Hakuna aliyeniuliza. Mwenye hatia hujitetea kabla hajashtakiwa.

Kitabu kilitoka, kikapendwa. Sitasema uongo, nilifurahi mno.

Jumamosi moja alasiri kikosi chake kilikuwa na mechi kubwa ya mwaka. Binti alikaa mapema, akavaa hedifoni, akaandika mpango wake. Kumbe mwalimu wa kemia alikuwa amemnunulia mwanawe kitabu changu. Niliyasoma yote nikiwa nyuma ya bega lake.

"Shikamoo Babu. Au niseme mambo, mrembo?"

"Sielewi," binti aliandika.

"Ukurasa wa tisa. Marahaba, umekula? Nani mwingine duniani anajibu hivyo?"

Wakamiminika. Washa maiki tusikie sauti. Tuma picha. Dereva akasema yeye haamrishwi na mtoto anayefuliwa soksi. Mlinzi wa benki ndiye aliyeniumiza. Mwaka jana mkewe alipougua alimweleza Babu kila kitu, akitaka ushauri wa mtu mzima, na binti alikuja kuniuliza mimi amjibu nini. Sasa aliandika: "Umenichezea akili. Nilikuheshimu." Kisha akatoka.

Hazikupita dakika kumi wakamvua unahodha na kumtoa kikosini. Wakaingia uwanjani bila yeye, wakapigwa vibaya. Haikunifariji.

Alivua hedifoni, akazikunja waya polepole.

"Uliapa, shangazi."

"Jina sikuliweka," nikasema. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo wangu huu, mtu mzima na mvi zangu.

"Jina ningebadilisha kwa dakika moja. Hayo maneno nitayatoa wapi mengine?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na humo nguoni nilikuwa mimi. Akachukua mkoba, akaenda kwao. Karanga zake zilibaki kwenye sahani, nikazimwaga baada ya siku nne.

Wiki tatu hakukanyaga kwangu. Kaka alisema hachezi tena, anasoma tu, na akanishukuru! Alidhani kitabu changu kimemfunza mwanawe. Sikumsahihisha. Mhariri naye alipiga simu akitaka kitabu cha pili, kuhusu msichana yuleyule.

Jana binti alipita kuchukua chaja yake. Alisimama mlangoni na sare ya shule, hakuvua viatu.

"Shikamoo shangazi."

Mdomo ulinitangulia, kama tulivyozoea nyumbani. "Marahaba, umekula?"

Aliniangalia bila hasira, nami ningependelea hasira.

"Hayo ni ya kitabuni, shangazi. Mimi niitikie marahaba tu."

"Marahaba," nikasema.

Akachukua chaja yake, akaondoka.