Yai la Msimu

Kila mwaka mwanzoni mwa Julai, matango ya kwanza yalipoanza kuingia, mzee Geert Hoekzema alikwenda kwenye viota vya kuku, akachagua yai moja, akaliandika mwaka kwa penseli na kuliweka kwenye bakuli la bati mlangoni mwa banda la mapipa. Hilo ndilo lilikuwa yai la msimu. Chumvi ikishakorogwa kwenye pipa la maji, yai linatiwa ndani. Likizama, ongeza chumvi. Likielea na kutoa kipara chake juu, maji yamekolea, tia matango. Kisha yai linapanguswa na kurudi bakulini kungoja pipa la kesho, mpaka Septemba iishe.

Alianza hivyo mwaka 1861 akiwa na mapipa matatu. Sasa, mwaka 1884, alikuwa na mapipa arobaini, kila moja pana kiasi cha kumtosha ng'ombe, na reli ilipita nyuma ya banda ikibeba achali zake za matango kwenda Chicago.

Taabu ilikuwa moja. Achali za Julai zilikuwa ngumu, ukiuma zinalia. Za Septemba, zikifunguliwa Novemba, zilivunjika mkononi kama sabuni iliyolala kwenye maji. Mzee alimtupia lawama Lubbers, mkulima wa bondeni karibu na kinamasi, ambaye matango yake huchelewa kuiva. Alisema yana maji ya kinamasi ndani, akakataa kuyapokea. Achali za Septemba zikalainika vilevile. Mzee akasema basi ni baridi.

Mwaka uliopita mnunuzi wa Chicago alirudisha mapipa tisa. Ndipo Roelof, mtoto pekee wa mzee, alipotamka mezani, baada ya sala na bila kupandisha sauti, kwamba achali za Septemba zikilainika tena atauza banda na kwenda mjini Grand Rapids kuajiriwa kwenye kiwanda cha viti. Aaltje, mkewe, alijua hatanii. Mumewe akitania husema kabla ya sala.

Aaltje alilipenda lile banda, ingawa hakuruhusiwa kugusa maji ya chumvi. Mzee alishikilia kwamba mkono wa mwanamke unayaharibu. Wanawake waliosha matango na kufungasha. Chumvi na yai vilikuwa vya wanaume. Na wanaume wa nyumba ile hawakuwahi kukaanga hata kitunguu.

Katikati ya Septemba Aaltje alikuwa jikoni akitaka kupika chapati za maji. Kuku mmoja alikuwa ametaga kwa kujificha nyuma ya kuni, na mayai hayajulikani ni ya lini, kwa hiyo akayatia kwenye sufuria ya maji kama afanyavyo kila mwanamke. Manne yalizama. La tano likaelea, akajua ni viza, akalitupa nje. Akageukia unga. Halafu akasimama na mwiko mkononi, na chapati hazikupikwa asubuhi ile.

Alichukua yai lililotagwa siku hiyo na ndoo ya maji ya kisima, akaenda bandani kabla wafanyakazi hawajafika. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukoroga pipa la thelathini na moja.

"Baba, naomba uone kitu."

"Kama ni panya, mwite mumeo."

Aaltje akatia yai lake kwenye pipa. Likashuka moja kwa moja mpaka chini. Mzee akatia la kwake, lile la Julai, likaelea vizuri, kipara juu.

"La kwako zito," mzee akasema. "Kuku wako unawalisha mawe?"

"Basi tia la kwako humu, Baba."

Mzee akachungulia ndoo, akachovya kidole, akakilamba. "Haya hayana chumvi."

"Hayana."

Akalitia. Likaelea kama kizibo.

Mzee aliketi juu ya gunia la chumvi, ile chumvi ambayo mapipa ya Septemba yaliikosa kila mwaka. Akauliza kama marehemu mkewe naye alijua kutazama yai viza kwa maji. Aaltje akamjibu kwamba mama mkwe ndiye aliyemfundisha.

"Na mimi nilimkataza kugusa chumvi," mzee akasema. Kisha, "Usimwambie Roelof."

Aaltje akainua ndoo yake. Aliona Grand Rapids inakuja.

"Nitamwambia mwenyewe," mzee akamalizia. "Wewe lete koleo la chumvi. Na hilo yai lako ulitoe huko chini kabla halijapasuka."

Walianzia mapipa ya mwishoni mwa Agosti wakaja mpaka la siku hiyo, yote kumi na moja, wakiyateka maji, wakayatia chumvi na kuyarudisha, Aaltje akipima kwa yai la siku hiyo. Mawili yalikuwa yameshaanza utelezi, wakayamwaga. Jioni mzee alivaa koti la kanisani, akaomba apelekwe kwa Lubbers kwa gari la farasi.

Lubbers alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea uzio. "Kwa hiyo mzee," akasema, "miaka yote hii kinamasi kilikuwa kwenye bakuli lako?"

"Kilikuwa kwenye bakuli langu."

"Nilitamani uje kusema hivyo. Sasa umekuja, sijui nikufanye nini." Akaenda kuita wanawe wakajaze magunia, maana matango yake yalikuwa bado shambani.

Novemba, pipa la kwanza la Septemba lilipofunguliwa, Roelof alitaka aonje yeye. Aliingiza mkono mpaka kiwikoni, akatoa tango moja, akalipangusa kwenye suruali, akauma. Mlio wake ulisikika mpaka mlangoni. Akalimaliza lote pamoja na kichwa, ingawa lilikuwa na chumvi ya kutoa machozi, akafungua pipa la pili, la tatu.

"Mbao za mapipa mapya tunaagiza lini?" akamuuliza baba yake.

"Muulize mkeo. Maji ya chumvi ni yake."

Aaltje alikuwa juu ya ngazi, akisukuma ubao wa kufunikia pipa la nne urudi mahali pake. Akasema waagize kabla ya theluji, na mapipa yawe sita, kwa sababu Lubbers keshaanza kuuliza mbegu za mwakani.