Makofi Mawili Begani

Thadei Akonaay aliyaacha masikio yake shambani. Misimu tisa aliendesha kambaini, mashine za kuvunia, katika mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu, zile za zamani zisizo na kibanda, injini ikinguruma nyuma ya kisogo chake tangu alfajiri mpaka jua linazama. Msimu wa tisa ulipokwisha, alikuwa hasikii tena kengele ya kanisa hata akiwa amesimama mlangoni. Penye utulivu, ukimsogelea upande wa kushoto na kusema taratibu, alikusikia. Penye kelele alikuwa kiziwi kabisa.

Meneja akamhamishia karakana, na huko akajifunza kusikia kwa mikono. Aliweka kiganja juu ya injini inayonguruma, akafumba macho, kisha akakuambia ni beringi ipi imeanza kulegea. Mzee Hermani, msimamizi wa karakana, mtu wa Kilimanjaro asiyesifu watu ovyo, alisema hajawahi kumwona akikosea.

Mwaka 1985 klabu moja ya wapenda magari kutoka Arusha ilitangaza mbio za wasio wataalamu. Yeyote mwenye gari la kupita ukaguzi aliruhusiwa. Wangeanzia Babati, wapande mpaka Katesh, waingie barabara za mashamba hadi Basotu, kisha warudi. Thadei alikuwa na Datsun iliyopinduka zamani na kutupwa nyuma ya karakana. Alikuwa ameifufua kidogo kidogo kwa miaka miwili. Aliposikia habari za mbio alikosa usingizi kama kijana anayetaka kuoa.

Kila gari lilitakiwa kuwa na watu wawili. Alimchagua mdogo wake, Efrazia.

Watu walicheka. Efrazia alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi Balangdalalu, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye ulimi mkali na macho yasiyopitwa na kitu. Lakini Thadei alikuwa na sababu. Tangu utotoni kule Tumati, Efrazia ndiye aliyekuwa akimwambia mambo bila kupiga kelele. Masikio yalipokufa, yeye peke yake hakuanza kumpigia mayowe kama wengine. Alimgusa, akamwonyesha, basi.

Thadei alijua kuwa kinachoua gari la mbio si mawe wala makorongo. Ni oili kupata moto. Oili ikiwa na joto la kiasi hushika chuma vizuri. Ikichemka kupita kiasi inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, presha inashuka, na chuma kinaanza kusaga chuma. Kwa hiyo alichukua kipoza oili cha kambaini iliyokufa, akakifunga mbele ya rejeta. Kisha akaweka geji mbili upande wa Efrazia, moja ya joto la oili, moja ya presha, kwa kuwa upande wake hapakuwa na nafasi.

Geji ya joto ilitumia waya. Ya presha ilikuwa ya kizamani, ile inayoletewa oili yenyewe kutoka kwenye injini mpaka ndani ya gari kwa mrija mwembamba. Mrija wake wa shaba ulikuwa na ufa. Stoo hapakuwa na mwingine. Thadei akakata kipande cha mpira wa kupitishia dizeli unaolingana nao, akakipitisha juu ya mahali ambapo Efrazia angeweka magoti, akakifunga kwa vibano.

Mzee Hermani aliinama akautazama. Akamgusa Thadei begani, akasema karibu na sikio lake la kushoto, "Huo ni wa dizeli baridi. Usiuache humo siku ya mbio."

Thadei akamjibu kuwa ni wa majaribio tu. Na kweli alikuwa ameagiza mrija wa shaba kwa dereva wa lori la Arusha.

Walifanya majaribio wiki tatu, jioni baada ya kazi, katika barabara ndefu zinazopita kati ya ngano. Kwa sababu Thadei hakusikia neno injini ikiwaka, walipanga ishara. Kofi moja begani: joto la oili limepita digrii mia na kumi, punguza kidogo. Makofi mawili: limepita mia na ishirini, weka gia ya juu, injini izunguke polepole, gari liendelee kwenda lipate upepo. Ngumi iliyokandamizwa begani: presha imekwisha, zima mara moja.

Alimsisitizia jambo moja zaidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, na mshale wa presha unaanguka. Usiogope, alimwambia, hesabu mpaka tatu, utarudi. "Na kwa makofi mawili sisimami," akasema. "Gari likisimama halina upepo, joto ndiyo linazidi."

Efrazia akayaandika yote katika daftari la shule, akayarudia bila kukosea.

Lori la Arusha halikuja wiki ile. Ijumaa, siku moja kabla ya mbio, Thadei aliuzungushia ule mpira tepu nyeusi, tabaka mbili. Katika majaribio joto halikuwahi kupita mia moja na tano na mpira ulikuwa haujatoa hata tone. Asubuhi ya mbio Efrazia alipouliza kama kila kitu kiko tayari, alimwambia kiko tayari.

Magari kumi na manne yaliondoka Babati asubuhi. Mengi yaliendeshwa na watu kama yeye: karani, mwenye duka, padri mmoja kijana, madaktari wawili wa mifugo. Kupanda kuelekea Katesh Datsun ilikwenda vizuri, upepo ukiingia kwa mbele, joto likitulia kwenye tisini na tano. Efrazia alimnyooshea kidole gumba mara mbili. Walipofika Katesh walikuwa wa tatu, na watu waliojipanga kando ya barabara walipunga majani ya mahindi wakilitaja jina la baba yao.

Toka Katesh kwenda Basotu mambo yakabadilika. Mwezi wa sita kule uwandani upepo hutoka mashariki, na sasa ulikuwa mgongoni. Gari linakimbia na upepo unakimbia nalo. Kipoza oili kikakosa hewa. Vumbi lao wenyewe likawafuata mpaka dirishani. Thadei alihisi kwa nyayo kuwa injini imebadilika, imelainika kwa namna mbaya. Kofi moja likamfikia begani. Akapunguza. Baada ya maili chache, kofi moja tena. Mbele yao aliliona gari la pili, na alijua kuwa akipunguza sana atalipoteza.

Hakupunguza sana.

Barabara ikaingia kwenye kona ndefu ya kushoto, ngano ya manjano pande zote mbili, ikiwa imebakiza wiki chache kuvunwa. Katikati ya kona ile Efrazia aliuona mshale wa presha ukianguka. Alifanya kama alivyofundishwa. Akahesabu moja, mbili. Lakini safari hii haikuwa oili kukimbilia pembeni. Mpira ulikuwa umelainika, ukavimba chini ya tepu, ukapasuka juu ya magoti yake, na oili yenye joto la zaidi ya digrii mia na ishirini ikamrukia mapajani na miguuni.

Alipiga kelele. Baadaye mtu aliyekuwa amesimama shambani, mbali kabisa na barabara, alisema aliisikia sauti ile. Thadei, aliyekaa naye bega kwa bega, hakuisikia.

Kwa mkono wa kulia Efrazia aliushika mpira ili auzibe, na kiganja kikaungua. Akapeleka mkono wa kushoto, akampiga kaka yake begani kwa nguvu zake zote. Kofi, tena kofi.

Thadei akahesabu mawili. Macho yake yalikuwa barabarani, kwenye vumbi la gari la mbele. Akafanya alichopanga mwenyewe. Akaweka gia ya juu, akalegeza mguu, akaliacha gari liendelee kutembea. Hata alijisifu moyoni kuwa hakupaniki.

Walikwenda hivyo kama mita mia tatu. Kilichomshtua ni harufu, kisha tone la moto lililomdondokea mkononi. Akageuza uso. Efrazia alikuwa amejikunja kwenye mlango, mdomo wazi, miguu imepanda juu ya kiti, sketi yake imekuwa nyeusi tititi kwa oili, inatoa moshi. Bado alikuwa ameushika mpira.

Alizima, akamtoa, akamlaza kwenye ngano. Hapakuwa na maji ila chupa moja ya kunywa. Aliimwaga yote. Padri kijana, aliyekuwa nyuma yao, alisimamisha gari lake, akatoa dumu la maji ya rejeta, akasaidia kummwagia. Ndiye aliyewapeleka hospitali ya misheni. Thadei alikaa nyuma na kichwa cha mdogo wake mapajani. Aliiona midomo yake ikicheza njia nzima, asijue anasema nini, naye hakuthubutu kuinamisha sikio.

Efrazia alilazwa miezi mitatu. Walimtoa ngozi mgongoni wakaipandikiza mapajani. Mguu wa kushoto ulipona ukiwa umejikunja kifundoni, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Mama yao, Helena, aliteremka kutoka Tumati, akawa analala chini kando ya kitanda. Kila aliyekuja kumwona Efrazia aliambiwa habari ile ile. "Nilichanganyikiwa," alisema. "Kaka alinifundisha ngumi. Mimi nikapiga makofi. Kosa ni langu."

Thadei alisimama pale miguuni pa kitanda. Maneno yale aliyasikia vizuri, maana wodi ilikuwa kimya. Hakusema kitu.

Karakana walimvutia Datsun yake. Siku moja akaifungua injini, akitumaini kuikuta imesagika. Beringi zote zilikuwa zinang'aa. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikaa chini kwenye sakafu yenye grisi, na Mzee Hermani akawatoa watu wengine nje, akafunga mlango. Mzee yule hakumkumbusha chochote. Thadei angependa amkumbushe.

Mwezi wa tisa Efrazia alirudishwa nyumbani Tumati. Thadei alikuwa akienda kila Jumapili. Jumapili moja mama alikuwa amebaki kanisani kwenye kikao cha akina mama, na Efrazia alikuwa anafanya mazoezi ya kutembea uani kwa fimbo. Alipochoka akakaa, akaanza tena kujilaumu. Akasema anaota ngumi, anaota amekunja vidole vizuri na kaka amezima gari kwa wakati.

Hapo Thadei akamwambia. Alimweleza habari za mrija wa shaba wenye ufa, za mpira wa dizeli, za maneno ya Hermani na ile tepu ya Ijumaa.

Efrazia alimsikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayeeleza hesabu ubaoni. Kisha akauliza kwa utulivu, bila kupandisha sauti.

"Asubuhi ile, nilipokuuliza kama kila kitu kiko tayari, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hospitali, nilipokuwa nasema kosa ni langu, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka kisimani. Alipoinua uso, alisogea karibu na sikio lake la kushoto, kama zamani. "Mama asijue," akasema. "Ana watoto wawili tu." Akaichukua fimbo yake, akaingia ndani.

Wakaanza maisha mengine. Januari Efrazia alirudi kufundisha Balangdalalu, akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Krismasi na Pasaka walikutana Tumati mbele ya mama, na pale Efrazia alimpa kaka yake chai, akamuuliza habari za kazi, akacheka alipotakiwa kucheka. Mama alipotoka tu, aligeuka akatazama pembeni. Hakumgusa tena. Thadei alipokuwa karakana akiweka viganja juu ya injini, alianza kukosea. Alisema beringi ya pili kumbe ni ya nne. Hermani akampunguzia kazi, halafu akastaafu. Msimamizi mpya akamweka stoo, kugawa filta na mipira.

Mama Helena alifariki mwaka 1992, kwa homa ya mapafu, wakati wa baridi. Watoto wake walisimama pamoja kaburini na watu wakasema wamelelewa vizuri. Siku ya tatu, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Thadei alikuwa anakusanya viti vya kuazima. Efrazia akamfuata uani, akichechemea, akasimama upande wake wa kushoto.

"Nina swali moja," akasema. "Nilipokupiga, ulinitazama?"

Angeweza kusema ndiyo. Vumbi lilikuwa jingi siku ile, na hakuna aliyebaki wa kumsuta.

"Hapana," akasema. "Nilitazama gari la mbele."

Efrazia akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. Alifunga vizuri kitambaa chake cha msiba. Alitazama kule kwenye udongo mpya, chini ya shamba la maharage.

"Ng'ombe wa jirani watapakanyaga pale," akasema. "Weka uzio kabla ya mvua. Miti migumu, siyo mikaratusi."

Akaenda kusubiri basi la Mbulu barabarani, peke yake, na begi lake akalibeba mwenyewe.

Novemba Thadei aliomba ruhusa ya siku nne kazini. Alikata miti, akachimba mashimo, akafunga waya, akaumaliza uzio siku mbili kabla ya mvua ya kwanza. Desemba aliambiwa na jirani kwamba mwalimu alikuja, alisimama kidogo kaburini, akatikisa nguzo moja kwa mkono kuona kama imeshika, kisha akaondoka bila kuuliza kama kaka yake yupo nyumbani.