Marehemu Baba Yake Hadeel

Watu waliokuja kumposa binti yangu Hadeel walitaka kwanza kuona nasaba yetu. Nikaenda Kibokoni kwa ami yangu Sharahbil, anayetunza kitabu cha ukoo. Mimi simo kitabuni, maana nilizaliwa wakati baba hasemezani naye. Lakini kaka yangu Ziad, aliyekufa ana siku arubaini, yumo, na juu yake mababu kumi na wanne.

"Basi niandike sasa, ami."

"Chini ya baba yako pamejaa. Chini ya Ziad ndiko kweupe."

"Ziad hata meno hakuota."

"Nasaba haiulizi meno."

Akaandika: Hadeel binti Ziad. Wakwe wakaridhika.

Siku ya nikaha, mzee wa upande wa bwana harusi akauliza huyo Ziad alikuwa mtu wa namna gani.

"Hakuwahi kumtukana mtu," ami akajibu.

Msikiti mzima ukamwombea kaka yangu rehema. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia watu wakimtaja. Kisha nikaitwa mbele, mimi ami wa bibi harusi, nikamwozesha mwanangu.